Nguzo ya Mwewe wa Bandia: Tuitengeneze Wenyewe kwa Gharama Ndogo



Mpunga ukishaanza kuinamisha shingo, sisi wa bonde la Usangu hatulali. Saa kumi na moja alfajiri mtu yuko juu ya dungu, kombeo mkononi. Akichoka baba, anapanda mama. Akichoka mama, anapanda mtoto. Na mtoto akipanda dungu siku ya Jumatatu, ujue shuleni hayupo. Sisi tulianzia hapo. Mwalimu alikuja shambani na daftari lake la mahudhurio, akatuonyesha. Wakati ule baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kujua kusoma, hatukuweza kusema hatuelewi. Wiki nne nzima, majina ya watoto wetu yamewekewa alama ya kutokuwepo.

Katika somo hili tutaeleza namna ya kutengeneza nguzo ya kumshikilia mwewe wa bandia shambani, ili afanye sehemu ya kazi ya mtoto yule. Mwewe mwenyewe tutamweleza kwa kifupi, maana kumtengeneza si kazi. Kazi ni nguzo. Sisi tulidhani kinyume chake, tukapoteza msimu mzima.

Kwanza tupige hesabu

Kwelea kwelea ni ndege mdogo, uzito wake ni kama gramu 20 tu. Kwa siku moja anakula nafaka kama gramu 10 hivi. Nafaka hiyo haijazi hata kiganja cha mtoto. Basi mtu husema, ndege huyu atanifanya nini?

Lakini kwelea hatembei peke yake. Chukua kundi la ndege 1,000. Zidisha mara gramu 10, unapata gramu 10,000, ndizo kilo 10. Sasa chukua ndege 10,000. Hao watakula kilo 100, yaani gunia moja. Gunia moja kwa siku moja! Na kundi la ndege milioni moja si hadithi, huonekana. Hilo hula tani 10 kwa siku, yaani magunia 100. Na hapo hatujahesabu punje wanazopukutisha chini, ambazo haziokoteki.

Wanaanza punje ikiwa bado ina maziwa. Wanaibana kwa mdomo, wanafyonza, linabaki ganda. Tangu hapo hadi kuvuna ni kama wiki nne. Hizo ndizo wiki za dungu.

Ndege hana ujinga

Wazee wetu walisimamisha sanamu shambani, kanzu kuukuu na kofia juu ya msalaba wa miti. Siku ya kwanza ndege hawasogei. Siku ya pili wanazunguka mbali. Siku ya nne utawakuta wametua juu ya kofia. Tumeona kwa macho yetu wenyewe. Kitu kisichosogea hakina madhara, na ndege anajua hivyo kama tunavyojua sisi.

Ndege huogopa umbo la adui yake, na huogopa mwendo. Mwewe aliyeshonwa kwa kitambaa, akaning'inizwa kwa uzi, akapepea kwa upepo, anayo yote mawili. Lakini hata huyu akikaa mahali pamoja wiki nzima, ndege watamzoea. Sharti ahame. Leo yuko kona hii, kesho kona ile. Tena mchana, ndege wanapokwenda kivulini kupumzika, yeye naye ashushwe, maana kila saa anayopepea bure ni saa ya kuwafundisha ndege kwamba hana makucha.

Hapo sasa ndipo inapokuja habari ya nguzo. Nguzo ya mita nne iliyochimbiwa kwenye tope, nani ataing'oa kila siku na kuichimbia upya? Ataing'oa siku ya kwanza. Ya pili atasema "kesho". Ya tatu mwewe amekuwa sanamu la kofia. Tunachokitafuta, basi, ni nguzo ambayo mtu mmoja, hata mama mwenye mtoto mgongoni, anaweza kuihamisha kwa dakika moja.

Wawindaji wa bata

Huko Marekani wako wawindaji wa bata maji wenye shida iliyo kinyume na yetu. Sisi twataka ndege waende, wao wanataka waje. Tangu zamani sana watu wa huko hutengeneza bata wa bandia na kuwaweka majini, ili bata wa kweli wadhani pana usalama, watue. Mwaka 1924 katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walifukuliwa bata wa namna hiyo waliotengenezwa kwa matete, na umri wao ni kama miaka 2,000. Kumbe ni akili ya kale.

Miaka ya mwisho ya 1990 wawindaji hao walianza kutumia bata wa mota. Mota ndogo ya betri inazungusha mabawa yake. Bawa limepakwa rangi nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili, kwa hiyo likizunguka linametameta, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Bata aliye mbali angani anaona kama mwenzake anapiga mabawa akitua. Bata huyu wa mota haelei majini kama wale wa zamani. Anasimama juu ya nguzo iliyochomekwa matopeni.

Na nguzo hiyo ndiyo iliyowapa taabu. Katika tope hulala au huzama. Ya dukani ina bei, na ikipotea umepotelewa na fedha. Kwa hiyo wengi wao hujitengenezea kwa bomba jembamba la chuma, lile la kupitishia nyaya za umeme nyumbani. Karibu na chini wanaunga kipande cha chuma cha kukanyagia, ili nguzo iingie topeni kwa nguvu za mguu na isizame kupita kiasi. Halafu bomba moja wanaliingiza ndani ya jingine, wanarefusha na kufupisha wanavyotaka.

Tulipoelewa hayo tulitazamana. Shamba la mpunga ni tope kama tope lao. Bata wao hatuna haja naye. Tulichukua vitu viwili tu: mahali pa kukanyagia, na bomba ndani ya bomba.

Tulivyokosea

Mwaka wa kwanza tulitumia bomba la chuma. Mmoja wetu alikuwa na mabomba matatu yaliyobaki alipojenga, akayatoa kwa moyo mmoja. Tukayachimbia, tukafunga mwewe, tukafurahi. Usiku wa nne mabomba hayakuwepo. Yalikwenda kwenye chuma chakavu, na mwewe wetu tuliwakuta wametupwa mferejini. Tangu siku hiyo hatukubali nguzo ya kitu chenye soko.

Mara ya pili tukakata miti ya mkaratusi. Imenyooka kweli, lakini mbichi ni mizito, na tuliichimbia katikati ya jaruba. Tope lililainika, nguzo ikalala juu ya mpunga. Kuisimamisha ikabidi tuingie watu wawili, tukakanyaga mashuke mengi kuliko ambayo ndege wangekula siku hiyo.

Kosa la tatu lilikuwa la uzi. Tuliufunga moja kwa moja kwenye ncha ya nguzo. Upepo ukageuka, mwewe akazunguka nguzo, uzi ukajiviringisha. Siku ya pili alikuwa amebanwa kwenye mti kama kuku aliyenyongwa. Watoto walicheka sana. Sisi hatukucheka.

Nguzo ya mwanzi

Nguzo tunayoitumia sasa ina sehemu tatu: ala, nguzo yenyewe, na shingo. Yote ni mwanzi, isipokuwa vitu vidogo tutakavyovitaja.

Mwanzi tunaotumia ni ule wa ulanzi, unaotoka nyanda za juu za Iringa na Njombe, huo huo unaosukiwa matenga ya nyanya. Kuta zake ni nene, hauvunjiki upesi. Chagua uliokomaa. Mwanzi mchanga ukikauka unanywea na kupasuka. Namna ya kuutambua ni kuugonga kwa kisu: uliokomaa unalia kavu. Kwa bei ya bomba moja la chuma tuliyotajiwa dukani, tungepata mianzi ya kutosha shamba zima na nyingine ya kuezekea banda la kuku.

Ala ni kifuko kinachobaki ardhini msimu wote. Tumeiita ala kwa sababu nguzo inaingia na kutoka humo kama kisu. Tafuta kipande cha mwanzi mnene, urefu dhiraa mbili, yaani kama sentimeta 90. Tundu lake liwe la kuingia kipini cha jembe, na nafasi kidogo ibaki. Pasha moto kipande cha nondo hadi kiwe chekundu, kisha toboa vizuizi vya ndani, kimoja baada ya kingine. Kile cha chini kabisa usikitoboe. Hicho ndicho sakafu ambayo nguzo itakalia. Chini ya kizuizi hicho kata mshazari, upate ncha ya kuchoma ardhi. Mdomo wa juu uzungushie utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uvute sana, ufunge. Bila mpira huo mwanzi utapasuka siku ya kwanza.

Sasa weka mguu. Chukua kijiti kigumu, urefu shibiri mbili, ukikingamishe kwenye ala, shibiri mbili kutoka kwenye ncha. Kifunge kwa mpira wa tyubu, ukipitisha utepe kwa mtindo wa msalaba. Usitoboe mwanzi kwa msumari. Tulitoboa, ukapasuka kuanzia kwenye tundu mpaka juu. Kijiti hiki ndicho cha kukanyagia unaposhindilia ala, na kikifika chini kinalala juu ya tope gumu na kuzuia ala isizame wala isiinamie upande.

Ukikosa mwanzi mnene, kipande cha bomba la plastiki la nchi mbili kinafaa. Mafundi wa maji huwa na vipande vilivyobaki. Chini yake gongea kizibo cha mti kilichochongwa ncha.

Mahali pa kuweka ala ni bora pawe kwenye kingo za majaruba, na si katikati. Kwenye kingo ardhi ni ngumu, na mtu anafika bila kukanyaga mpunga. Kwenye ardhi ngumu usigonge ala kwa nyundo. Tangulia kutoboa shimo kwa mtaimbo, kisha iingize na kushindilia udongo pembeni. Ukilazimika kuiweka katikati ya jaruba, iweke wakati wa palizi ya mwisho, kabla mpunga haujachanua. Ukichelewa, acha.

Jambo moja zaidi kuhusu ala, na tunaomba lisidharauliwe. Ala iliyo wazi hujaa maji ya mvua, na maji yaliyotuama ndani ya mwanzi ni nyumba ya mbu. Kila ala isiyo na nguzo izibwe. Sisi tunaziba kwa guguta la hindi. Linaenea vizuri kabisa, utadhani liliumbwa kwa kazi hiyo.

Nguzo yenyewe iwe nyembamba kuliko tundu la ala, unene wa kipini cha jembe chini, ikipungua kuelekea juu. Urefu wake ni mita nne, ambazo ni pima mbili na shibiri mbili. Ndefu zaidi inayumba na kumchosha anayeihamisha. Fupi zaidi, mwewe anagusa masuke na kunasa. Safisha matawi yote, usiache kisiki hata kimoja, maana uzi hupenda visiki. Chini zungushia utepe wa mpira mahali pawili, ili nguzo ikae ndani ya ala bila kucheza. Lakini isibane. Mwanzi ukilowa unavimba. Nguzo yetu moja ilivimba ndani ya ala wakati wa mvua, tukaivuta ikatoka pamoja na ala yake na tope lake lote, kama mhogo.

Shingo

Hapa ndipo tulipofikiri sana, na jibu tulilipata kwa fundi baiskeli.

Omba spoku moja kuukuu ya pikipiki. Ifunge kwenye ncha ya nguzo kwa waya mwembamba na mpira, isimame wima, sehemu ya urefu wa kidole ikitokeza juu. Kisha tafuta kalamu ya plastiki iliyokwisha wino. Toa mrija wa wino ndani, bakiza ganda la nje, na tundu la nyuma uliache limezibwa na kifuniko chake. Ganda hilo livike juu ya spoku kama kofia. Litazunguka bila taabu yoyote. Jaribu kwa kidole: lisipozunguka, spoku imepinda.

Sasa chukua tete kavu, urefu kama mita moja. Huo ni mkono. Ufunge kwenye ganda la kalamu, upande mmoja uwe mrefu na mwingine mfupi. Kwenye upande mrefu funga uzi wa mwewe. Kwenye upande mfupi funga kijiwe ndani ya kitambaa ili mkono usiinamie upande mmoja. Upepo ukigeuka, mkono unageuka, na mwewe anageuka pamoja nao. Hajifungi tena kwenye nguzo.

Wanafunzi wa darasa letu la kisomo wanamaliza kalamu nyingi. Hata hizo zilizokwisha zimepata kazi.

Mwewe

Mwewe tunamkata kwenye kitambaa cha mwavuli mbovu, maana ni cheusi, chepesi, na hakinywi maji. Mabawa yaliyonyooshwa yawe kama mita moja toka ncha hadi ncha, mkia uwe kama panga la upepo. Vijiti viwili vya tete vinashonewa kwa msalaba ili asikunjamane. Uzi ni mshipi wa kuvulia samaki, mita moja na nusu, ufungwe kifuani na si shingoni. Akifungwa shingoni anazunguka kichwa chini, hafanani na kitu. Basi, mwewe ameisha.

Namna ya kumhamisha

Kwa ekari moja tunaweka ala sita na nguzo mbili. Ala ni rahisi, nguzo na mwewe ndivyo vyenye kazi kidogo, kwa hiyo mwewe wawili wanafanya kazi ya sita.

Hapa kujua kusoma kunasaidia. Kila ala tumeiandika namba kwa rangi, 1 mpaka 6. Kwenye daftari tumeandika mpango wa wiki. Jumatatu mwewe wako ala ya 1 na ya 4. Jumanne ya 2 na ya 6. Jumatano ya 3 na ya 5. Alhamisi ya 6 na ya 1. Mpango usifuate mstari, maana ndege akijua kesho mwewe atakuwa wapi, umeharibu kazi. Anayekwenda shambani anatazama daftari, anachomoa nguzo kwenye ala ya jana, anaziba guguta, anachomeka kwenye ala ya leo. Zamani tulikuwa tunaagizana kwa mdomo, na kila mtu alifikiri mwenzake amehamisha.

Saa sita mchana nguzo zinachomolewa na kulazwa ukingoni. Saa tisa zinarudi. Jioni ndege wakienda kulala, zinalazwa tena. Kukiwa na dalili ya radi usiguse nguzo, ondoka shambani. Na kama waya wa umeme unapita karibu na shamba, nguzo hizi usiziweke upande huo hata kidogo. Mwanzi uliolowa, uzi uliolowa, na waya wa umeme vikikutana, anayekufa ni mtu.

Tuseme na mapungufu yake

Hatutaki msomaji atengeneze nguzo sita halafu aje kutulaumu. Mwewe huyu anategemea upepo. Alfajiri, jua linapochomoza, mara nyingi upepo umetulia, na huo ndio wakati kwelea wana njaa kuliko wakati wote. Mwewe ananing'inia tu kama nguo kwenye kamba. Saa hizo mtu mzima awe kwenye dungu, hakuna njia nyingine. Upepo unaanza kuvuma kama saa tatu, na hapo mwewe anashika zamu mpaka mchana, kisha tena alasiri. Zamu hizo mbili ndizo walizokuwa wakishika watoto. Msimu uliopita watu wazima wa kila nyumba waligawana alfajiri, mwewe akachukua asubuhi, na mwalimu hakuja tena na daftari lake. Jioni watoto wanapanda dungu wakitoka shule. Hilo hatujaliondoa.

Wako waliotuuliza, kwa nini msiweke mota kama wale wawindaji, ili mwewe afanye kazi hata pasipo upepo? Tumejaribu. Tulichukua mota ya redio kaseti iliyokufa, tukaifungia panga dogo la bati jembamba, nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili, tukaiweka juu ya nguzo hii hii. Alfajiri ilimetameta vizuri, na ndege waliikwepa siku tano hivi. Lakini ilikula betri, na mvua ya kwanza iliingia ndani ya mota ikawa mwisho wake. Mwenye redio mbovu na chupa ya plastiki ya kuifunika mota ajaribu, atuandikie. Ila panga la bati liwe dogo na kingo zake zikunjwe, lisije likamkata mtu usoni.

Tena mwewe anafukuza makundi madogo na wale wanaotangulia kutafuta chakula. Kundi lile linaloziba jua halimwogopi, maana nyuma wanasukumana. Likionekana kundi la namna hiyo, au mkiona mahali wanapolala kwa maelfu kwenye matete au miiba, msiumize vichwa na mwewe. Mpeni taarifa bwana shamba siku hiyo hiyo, mweleze ni mahali gani na tangu lini. Ndege za kunyunyizia dawa hutumwa mahali wanapolala au kutagia, zikiwemo za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, na bila taarifa ya mahali penyewe haziwezi kusaidia. Dawa hiyo ni sumu. Kwelea waliokufa kwa dawa hawaliwi, hata wakiwa wametapakaa kama karanga. Tunasema hivi kwa sababu kwelea ni kitoweo, na wilayani Kondoa watu huwatega na kuwala miaka yote. Wa mtego ni chakula. Wa dawa ni sumu.

Mpunga ukishavunwa, chomoa ala zote, zioshe tope, zikaushe kivulini, uzihifadhi juu ya dari pamoja na nguzo. Usiziache shambani eti mwakani utazikuta. Mwanzi unaokaa kwenye tope wiki tano tu kwa mwaka unadumu. Unaokaa mwaka mzima huoza na kuliwa na mchwa. Mwewe mkunje uweke mbali na panya.

Maswali

Jibuni katika vikundi, kisha mmoja aandike majibu kwenye daftari la kikundi.

1. Kundi la ndege 3,000 limetua shambani kwako siku saba mfululizo. Kila ndege anakula gramu 10 kwa siku. Wamekula kilo ngapi?

2. Kwa nini kizuizi cha chini cha ala hakitobolewi?

3. Chora shamba lako na kingo zake. Weka alama mahali pa ala sita. Je, anayehamisha nguzo atafika kwenye kila ala bila kukanyaga mpunga?

4. Andika mpango wa kuhamisha mwewe wawili kwa siku sita. Mpe jirani yako ausome, halafu akisie siku ya saba mwewe watakuwa wapi. Akikisia sawasawa, andika mpango mwingine.

5. Nyumbani kwako, nani yuko kwenye dungu saa tatu asubuhi? Andika jina lake.